Peremech kwa moto wa mkaa: mkate wa kujaza wa Wamari katika jiko la Kigoma

Anayejua kusukuma chapati tayari ana nusu ya ujuzi wa peremech mikononi. Nusu ya pili ndiyo inayowaangusha watu. Unaweka kitu chenye majimaji juu ya unga mbichi, unakiacha wazi, unaingiza motoni, halafu unataka chini itoke imeiva na imekauka. Karibu kila kosa tutakalolitaja hapa chanzo chake ni maji: yaliyobaki kwenye viazi, yaliyobaki kwenye jibini, yaliyozidi kwenye unga, au mvuke uliokosa pa kutokea. Ukilishika hilo, vipimo vyenyewe havina ugumu.

Wamari ni watu wa kandokando ya mto Volga, Urusi. Jamhuri yao inaitwa Mari El na mji wake mkuu ni Yoshkar-Ola. Lugha yao haina udugu na Kirusi. Iko ukoo mmoja na Kifini na Kihungaria. Peremech yao ni kimkate cha duara, upana wa sentimita 10 hadi 12, kingo zimefinywa marinda kwenda juu na katikati pako wazi. Ndani huwekwa viazi vilivyopondwa au jibini laini ya maziwa mgando, juu hupakwa krimu chachu, kisha huokwa. Ikitoka motoni hupakwa siagi ingali moto.

Ukiitafuta mtandaoni utachanganyikiwa, kwa sababu majirani zao Watatari nao wana peremech, na hiyo ni kitu kingine: ina nyama mbichi ya kusaga, imefungwa juu ikaachiwa tundu dogo, na inakaangwa kwenye mafuta. Warusi wengi huiita belyash. Waudmurti, ndugu wa Wamari kwa lugha, wana perepechi, ambazo ni vikapu vidogo vya unga wa rai vyenye uyoga, nyama au kabichi, juu vikamiminiwa yai lililopigwa na maziwa. Halafu kuna kystyby ya Watatari na Wabashkiri: chapati nyembamba kavu iliyokunjwa nusu na kujazwa viazi. Mtu akichukua unga wa hii, cha ndani cha ile na moto wa ya tatu, anaharibu zote. Tutaanza na ya Wamari, ya kuoka, kisha tuguse nyingine.

Neno moja kuhusu viazi. Leo ndivyo vinavyojaza peremech nyingi, lakini ni mgeni aliyekalia kiti cha mwenyeji. Mnamo miaka ya 1840 serikali ya tsar, yaani mfalme wa Urusi, ilipowalazimisha wakulima wa mashamba ya dola kulima viazi, watu wa Volga na Urali walifanya ghasia. Kabla ya hapo vya ndani vilikuwa jibini na uji mzito wa nafaka, na unga ulikuwa wa rai, nafaka ndugu ya ngano inayostahimili baridi na ardhi isiyo na rutuba. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba bila viazi si peremech.

Unga

Kwa peremech 14: unga wa ngano gramu 500, mtindi mzito mililita 200, yai 1, samli au siagi iliyoyeyushwa gramu 60 (vijiko vikubwa vinne vya kusawazisha), chumvi kijiko cha chai 1 na sukari kijiko cha chai 1. Wapo wanaotia hamira. Sisi tunaona haina kazi hapa: unga ukiumuka, kingo zinafura, marinda yanafunguka na katikati panajiinua na kumwaga cha ndani pembeni. Unga usioumuliwa unakaa pale ulipouweka.

Rai hutaipata soko la Mwanga hapa Kigoma, na wala usihangaike nayo. Ukitaka ladha na rangi inayoikaribia, chukua unga mweupe gramu 350 na unga wa ngano usiokobolewa, ule wa atta, gramu 150. Unga wa ulezi unaleta weusi mzuri, lakini usivuke gramu 75 katika zile 500. Ulezi hauna ule utando wa ngano unaovutika. Ukizidisha, donge linapasuka ukilisukuma na kingo zinakatika unapozifinya.

Tia samli kwenye unga mkavu kwanza, fikicha kwa vidole mpaka uwe kama chenga za mchanga. Piga yai pamoja na mtindi, chumvi na sukari, mimina, kanda. Hapa mazoea ya chapati yanaponza. Mpishi wa chapati amezoea unga laini unaonata kidogo, na akiona huu mgumu anaongeza maji. Usiongeze kabla ya dakika tano za kukanda. Mtindi unaingia polepole kuliko maji, na unga unaoonekana mkavu mwanzoni hulainika wenyewe. Ukibaki na vumbi chini ya bakuli, ongeza maji kijiko kikubwa kimoja kimoja, visizidi vitatu. Unga uliokamilika ni mgumu kuliko wa chapati na laini kuliko wa sambusa. Ukiubonyeza kwa kidole, shimo linarudi kidogo kisha linasimama.

Mtindi wa dukani wenye sukari haufai. Na ukitumia yai la kienyeji, ambalo ni dogo, ongeza kijiko kikubwa kimoja cha mtindi kufidia.

Funika kwa kitambaa chenye unyevu, uache dakika 40. Muda huu usiuibe. Unga usiopumzika ukiusukuma unajirudi, unalazimisha, unakuwa mwembamba katikati na mnene pembeni, na pale palipo pembamba ndipo panapotota. Kigoma mjini mchana joto huyeyusha samli iliyo ndani ya unga na donge linaanza kunata kibaoni. Watu wengi hapo huongeza unga wa kunyunyizia, nao unafanya kingo zisishikane. Dawa yake ni kufanya kazi asubuhi mapema, au kuweka donge lililofunikwa juu ya sakafu ya saruji robo saa. Tabora shida ni nyingine: Julai na Agosti hewa ni kavu, donge linajenga ngozi kwa dakika chache tu, na ngozi hiyo ndiyo inayopasuka kwenye marinda. Kule kitambaa kiwe kibichi kweli, na usukume madonge mawili mawili, si yote kwa pamoja.

Viazi

Chukua viazi mviringo kilo 1, vikavu, vilivyokomaa. Viazi vichanga, vile ambavyo ganda linatoka kwa kusugua na kidole gumba, vina maji mengi mno. Kwa muuzaji huwezi kupima zaidi ya hapo, ila nyumbani kata kimoja vipande viwili uvisugue pamoja: vikitoa povu zito na kushikana, wanga ni mwingi na vinafaa, vikitoa maji matupu, vipikie mchuzi.

Chemsha na maganda yake. Kiazi kilichomenywa na kukatwa kinakunywa maji ya sufuria, na maji hayo utayakuta chini ya mkate. Vikiiva mwaga maji, menya vingali moto, rudisha sufuriani juu ya mkaa unaokufa na uvitikise dakika mbili. Utaona mvuke ukipanda na viazi vikianza kuwa na unga unga pembeni. Sasa ponda kwa mchi au mwiko. Usitie kwenye blenda hata siku moja, na usisubiri vipoe ndipo uponde. Vyote viwili vinageuza viazi kuwa gundi inayovutika, isiyoshika krimu wala kuiva vizuri juu.

Changanya na samli gramu 50, maziwa ya moto mililita 60, chumvi kijiko cha chai kimoja na kidogo, na yai 1 mchanganyiko ukishapoa kiasi cha kuvumilika mkononi. Ukitia yai viazi vikiwa moto sana litaganda vipande vipande. Ukitaka kitunguu, kikaange kwanza mpaka kiwe na rangi ya dhahabu. Kibichi kitatoa maji ndani ya mkate. Cha ndani kilicho tayari kinasimama kwenye mwiko ukiuinamisha. Kikiteleza, kirudishe motoni ukikoroga kabla ya kutia yai.

Kiache kipoe kabisa. Cha ndani chenye joto kikikaa juu ya unga mbichi kinayeyusha samli ya unga pale pale na kuufanya ute, na hakuna moto utakaouokoa.

Kusukuma na kufinya

Gawa unga madonge 14 ya gramu 58 hivi. Huna mizani? Kata unga wote nusu mbili, kila nusu saba. Sukuma kila donge duara la sentimita 14, unene wa milimita 3. Usipake mafuta, usikunje tabaka kama chapati. Tabaka za mafuta zitaachana kwenye kingo na peremech itafunguka motoni.

Weka gramu 70 za cha ndani katikati, kama vijiko vikubwa vitatu vilivyojaa, tandaza ukiacha ukingo wa sentimita 2 pande zote. Sasa inua ukingo kwa kidole gumba na cha shahada, finya rinda la kwanza, sogea upana wa kidole kimoja, finya la pili ukilikandamiza juu ya mkia wa la kwanza. Marinda 12 hadi 14 yanatosha kuzunguka. Ukuta usimame juu na kuinamia ndani kidogo. Wanaoanza hufanya ukuta mfupi kwa sababu wamejaza mpaka pembeni, halafu krimu inamwagika, inaungulia kwenye sinia na mkate unanata. Kama ukingo una vumbi la unga, upitishie kidole kilicholoweshwa, kidole tu, si brashi.

Juu: mtindi uliochujwa kwa kitambaa mpaka uwe mzito gramu 150, yai 1, unga kijiko cha chai 1, chumvi kidogo. Malai ya maziwa ya ng'ombe yakikusanywa siku mbili tatu yanashinda mtindi kwa mbali, na yanakaribia zaidi krimu chachu wanayotumia Wamari. Paka kijiko kikubwa kimoja kila peremech. Unga ule kidogo si wa kupuuzwa: bila huo, mtindi ukikutana na moto mkali unakatika, maji yanashuka chini na juu panabaki chenga.

Moto

Mwenye oveni aiwashe hadi nyuzi 200 na aoke dakika 20 hadi 25. Wengine tuna mkaa, na mkaa ukipangwa vizuri unatoa peremech nzuri kuliko oveni nyingi za mezani, kwa sababu moto wa juu ni mkali.

Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu unene wa sentimita 2. Mchanga wa ziwa unafaa, ila uchekeche utoe vigaga, na uukaushe kwa kuukaanga kwanza. Mchanga wenye unyevu utakupikia peremech ya mvuke, laini, nyeupe, isiyo na ladha. Juu ya mchanga weka vijiwe vitatu vya urefu sawa, juu yake sinia la bati linaloingia bila kugusa kuta. Mkaa ushike mpaka uwe na majivu meupe. Gawa mafungu matatu, moja chini, mawili kwenye mfuniko bapa. Palia juu hivyo dakika 15 kabla ya kuingiza chochote.

Kupima joto, nyunyiza unga kidogo kwenye sinia ufunike. Ukiwa wa hudhurungi kwa dakika moja, moto umefaa. Ukiwa mweusi, ondoa makaa mawili matatu chini. Ukibaki mweupe, usiingize mkate, ongeza juu.

Panga peremech zisigusane, nafasi ya kidole katikati. Funika, palia. Dakika ya 12 funua mara moja, mvuke utoke, futa mfuniko kwa ndani kwa kitambaa kikavu, geuza sinia upande wa pili, funika tena. Mvuke ukikosa mahali pa kutokea hugeuka matone chini ya mfuniko na kudondokea krimu, hasa moto wa juu ukiwa dhaifu. Mfuniko wenye moto wa kutosha hauachi tone kutengenezeka. Kwa mkaa hesabu dakika 25 hadi 30. Zimeiva ukiona krimu ina madoa ya hudhurungi, kingo zina rangi ya chapati iliyoiva, na ukiinua moja kwa kisu chini yake ni kavu na inatoa sauti ukiigonga kwa ukucha.

Zitoe, paka siagi au samli kingo zote zingali moto, zipange kwenye ungo na uzifunike kwa kitambaa dakika 10. Kingo zisizopakwa zinakauka na kuwa ngumu kama biskuti ya zamani. Usizirundike kwenye sufuria iliyofunikwa, zitatota kwa mvuke wao wenyewe baada ya kazi yote hiyo.

Ya jibini

Hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayoonekana ngumu ilhali siyo. Maziwa mabichi ya ng'ombe lita 3, yachemshwe, yapoe hadi vuguvugu, yatiwe mtindi vijiko vitatu yagande usiku kucha. Kesho yake weka sufuria ya maziwa mgando ndani ya sufuria nyingine yenye maji ya moto, moto mdogo, usikoroge, kata kata tu kwa kisu. Yatajitenga: maji ya kijani-njano pembeni, mabonge meupe katikati. Yasichemke. Unaingiza kidole, unakivumilia kwa sekunde moja kisha unakitoa, basi imetosha. Yakichemka, jibini inakuwa ngumu yenye kukwaruza, na ndani ya mkate itatoa maji kama sponji iliyobanwa.

Mimina kwenye kitambaa cha pamba, tundika saa tatu au nne. Utapata kati ya gramu 450 na 600, kutegemea maziwa. Maziwa ya paketi ya kukaa muda mrefu hayafai sana, yanatoa jibini kidogo na laini mno. Maji yanayochuruzika usimwage. Yatumie kukandia unga wa chapati.

Changanya jibini gramu 600 na yai 1, chumvi nusu kijiko cha chai, na suji vijiko vikubwa viwili. Suji inakunywa maji yatakayotoka motoni, na iachwe humo dakika 20 kabla ya kujaza. Ukiitaka tamu tia sukari vijiko viwili, si zaidi. Sukari nayo inavuta maji, na mtu akitia vijiko sita atashangaa kwa nini viazi vilikauka lakini jibini inaelea. Ukiwa na asali ya Tabora, mwagia juu wakati wa kula, usiichanganye ndani.

Ya nafaka

Cha ndani cha zamani ni uji mzito wa nafaka. Kwetu tumia uwele au mtama uliokobolewa, gramu 200, maziwa mililita 600 na maji 200, chumvi, moto mdogo mpaka mwiko usimame. Samli gramu 40 mwishoni. Chenga za mchele zinafanya kazi vilevile na zinaiva haraka. Ni ya bei nafuu, inashibisha, na kwa kuwa nafaka imeshakunywa maji yote ndiyo yenye makosa machache. Anayeanza aanze na hii.

Ya kukunja, kwa asiye na subira ya kupalia

Kystyby inaiva kwenye kikaango cha chapati. Unga ni ule ule, bila kubadilisha kipimo, lakini madonge yawe ya gramu 45 na yasukumwe hadi milimita 2, duara la sentimita 15 hivi. Kikaango kiwe kikavu, moto wa wastani kwenda juu. Dakika moja upande wa kwanza, nusu dakika wa pili. Usikaange mpaka ikauke, kwani utaikunja. Ikitoka tu, paka siagi, tandaza viazi vya moto upande mmoja, kunja, paka siagi tena. Hapa, tofauti na ya kuoka, viazi viwe moto na laini zaidi: ongeza maziwa hadi mililita 120, maana hakuna unga mbichi wa kulowesha. Ukichelewa dakika tano kukunja itakatika mgongoni. Ndiyo sababu cha ndani kinaandaliwa kwanza, na unga baadaye.

Ya nyama

Hii ni ya Kitatari. Nyama ya ng'ombe ya kusaga gramu 500, na mwambie wa bucha aache mafuta kidogo, maana nyama kavu inatoka kokoto. Vitunguu gramu 250 vilivyokatwa vidogo kwa kisu. Blenda inavitoa maji yote. Chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, pilipili manga, maji baridi mililita 80, koroga kwa mkono mpaka nyama iyanywe. Duara la sentimita 12, nyama gramu 50 iliyobapazwa, vuta kingo kwa marinda uache tundu la sentimita 2.

Mafuta yafike katikati ya unene wake, yasiwe yanatoa moshi. Upande wenye tundu ndio unaotangulia chini. Nyama inashikamana kwanza pale kwenye tundu, kisha ukigeuza ule mchuzi unabaki ndani kama kwenye bakuli. Ukianza na upande wa chini, ukigeuza tu mchuzi unamwagika kwenye mafuta, yanarukaruka, na unabaki na mkate mkavu. Dakika nne au tano kila upande. Moto mkali unapaka rangi nje na kuacha nyama mbichi.

Ya dagaa, ambayo ni yetu

Wamari hawana dagaa, na hatutasema hii ni yao. Ila viazi vya peremech na dagaa wa Kigoma vinaelewana sana. Nunua Kibirizi, mwalo wa Kigoma, dagaa waliokaushwa kwenye vichanja. Waliotandazwa chini wana mchanga ambao hautoki wote hata uoshe mara ngapi, na mchanga kwenye chapati unavumilika, kwenye viazi laini hauvumiliki. Chukua gramu 120 kwa kilo 1 ya viazi, toa vichwa, suuza haraka kwa maji ya vuguvugu, usiloweke, kisha kausha kwenye kikaango kikavu mpaka wakwaruze.

Chemsha mawese vijiko vikubwa viwili mpaka yaache kutoa povu. Povu hilo ni maji yaliyobaki ndani ya mafuta, na ndiyo yanayofanya cha ndani kichache haraka. Tia kitunguu, kikiwa cha dhahabu tia dagaa, pilipili mbuzi kidogo ukipenda, kisha changanya na viazi ambavyo havijatiwa samli wala maziwa. Chumvi punguza nusu, onja kwanza. Juu usipake krimu. Paka yai lililopigwa peke yake. Mawese na krimu chachu kwenye sinia moja vinagombana, ladha moja inaifunika nyingine na zote zinapotea.

Wamari wana pia podkogylo, maandazi yenye umbo la mwezi mchanga yanayochemshwa kwenye maji, na koman melna, mkate bapa wa tabaka tatu: chini unga usioumuliwa uliosukumwa, katikati uji wa unga wa oti na maziwa chachu, juu oti zilizolowekwa kwenye krimu, kila tabaka likiokwa kabla ya kuongeza linalofuata. Kwa mkaa koman melna inawezekana, lakini kupalia na kupalua mara tatu ni kazi ya mtu asiye na shughuli nyingine.

Kwa wauzaji: za viazi, jibini na dagaa zisikae nje ya friji zaidi ya saa nne, na mchana wa Kigoma hesabu saa mbili. Za nyama ziuzwe zikiwa moto, zilizobaki ziliwe nyumbani jioni ile ile. Zilizofinywa tayari hazivumilii kusubiri kuokwa, unga unalowa kwa chini ndani ya nusu saa. Bora uweke madonge upande mmoja na cha ndani upande mwingine, ufinye sinia moja moja kadiri moto unavyopokea. Za jana zilizokaa kwenye friji zipashwe kwenye kikaango kikavu kilichofunikwa nusu, moto mdogo, dakika saba, chini ikishaanza kukwaruza zitoe.